Silabi moja iliyoipa kanga yetu jina

Nachora vitambaa na mabango hapa Dar es Salaam, na hakuna kazi inayonihangaisha kama kanga. Pindo utalipanga, mji, yaani ile sehemu ya katikati, utauchora na kuufuta mpaka ukae. Shughuli iko kwenye jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga. Mwanamke akipita na kanga yake mbele ya jirani, jirani asome na ajue kaambiwa.

Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kiliniomba niwachoree kanga ya sare. Wiki nzima niko kwenye kompyuta. Nikatoka na mikono iliyoshikana katikati, pindo la majani, na chini yake: TUWEKE AKIBA KWA MAENDELEO YETU. Mhazini wao, mama wa makamo, aliitandaza karatasi mezani, akasoma kwa sauti, kisha akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hii tukiivaa harusini watatuuliza mkutano unaanza saa ngapi."

Iliniuma, lakini alisema kweli. Nilichora kwa woga wa kukosea, na woga ule ulionekana mpaka kwenye herufi.

Jumamosi nikaomba tukae barazani kwa mwenyekiti: wanawake sita, chai, mihogo ya kukaanga na karatasi kubwa ya manila. Kompyuta niliiacha nyumbani. Niliweka sharti moja, kila mtu atoe jina la kumchokoza mwenzake, na marufuku kusema "hilo halifai" mpaka karatasi ijae. Mwanzoni yalikuja yale yale yaliyojaa maduka ya Mtaa wa Uhuru. Nikanyamaza, nikayaandika yote.

Kilichotuvusha ni utani. Mhazini ni Mpare, mwenyekiti ni Mchaga, na mnawajua watani hao pesa ikitajwa. Mwenyekiti akasema mtani wake akiweka shilingi mia benki, kila asubuhi huenda kuijulia hali. Mhazini hakumjibu. Alichukua kalamu akaandika: CHEKENI SENTI ZANGU, KESHO MSIJE KUKOPA.

Baraza zima lilicheka, wengine mpaka machozi. Mama mmoja aliyekuwa kimya tangu tufike akauliza, "Sasa wasipokuja kukopa na kulipa riba, mwisho wa mwaka tutagawana nini?" Mhazini akaitazama karatasi, akaikata "si" kwa mstari mmoja. CHEKENI SENTI ZANGU, KESHO MJE KUKOPA. Kijembe kikageuka mwaliko, na makali yake yakabaki pale pale. Mimi peke yangu nisingelipata jina lile hata kwa mwezi.

Mchoro nao ukajileta. Wengi husema kitambaa hiki kiliitwa kanga kwa sababu ya madoa ya ndege kanga, basi nikamweka kanga mwenyewe katikati ya mji, ameatamia, na madoa yake yakimwagika kuelekea kwenye pindo yanageuka sarafu. Kiwandani kila rangi hutaka skrini yake, na kila skrini ni gharama, kwa hiyo madoa na sarafu nikavipa rangi moja. Hapo ndipo mchezo ule ulipokamilika: huwezi kuonyesha kwa kidole doa linapoishia na senti inapoanzia.

Siku hizi sifungui kompyuta kabla watu hawajacheka, hata kazi ikiwa ni bango la kliniki.

Harusi ya kwanza waliyoivaa nilialikwa. Wageni wawili walikuwa wakimfuata mhazini kwa nyuma, wameinama kusoma, naye akapunguza mwendo ili wamalize.