Siku Moja Maishani Mwangu: Mtengenezaji wa Madodoso, Tanga

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Naishi Chumbageni, na kazi yangu ni kutengeneza zana za kukusanyia takwimu za ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Watu wengi, wakiwamo ndugu zangu wa damu, hudhani kazi hii ni kuandika maswali na kuwagawia vijana wakaulize, kiasi kwamba yeyote aliyemaliza kidato cha nne angeweza kuikamilisha kwa jioni moja. Naandika siku hii ili walio nje ya kazi waone inavyokwenda, kwa sababu maamuzi kuhusu fedha, vifaa na mafunzo ya mamia ya watu huanzia kwenye swali, na swali baya halijitangazi. Hutoa jibu kama swali zuri linavyotoa, na jibu hilo huingia kwenye taarifa, likajumlishwa, likachorewa grafu, na likaaminiwa.

Kabla jua halijachomoza nimelipitia tena jedwali la viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha kama mradi unafanikiwa. Mradi tunaoufuatilia unawasaidia wanawake wanaolima mwani kwenye pwani ya Mkinga, kaskazini mwa jiji la Tanga. Wamepewa kamba na mafunzo, na wamejengewa chanja za kuanikia mwani juu ya mchanga. Kiashiria kikuu ni kuongezeka kwa kipato cha mkulima. Sentensi hiyo ni fupi, lakini haisemi kipato cha lini, cha nani ndani ya kaya, kabla au baada ya kutoa gharama za kamba na mbegu, wala nani atakikumbuka. Kazi yangu ni kuyajibu hayo yote kabla mdadisi hajabisha hodi kwa mtu.

Saa moja na robo tumekutana na wadadisi, tumekunywa chai kwa vitumbua, tumehakikisha kila kishikwambi kimejaa chaji, na tumeshika barabara ya Horohoro.

Saa tatu asubuhi tumefika kijijini, tumesaini kitabu cha wageni katika ofisi ya mtendaji, na mwenyekiti wa kitongoji ametupeleka kwa akina mama. Tarehe ya leo niliichagua kwa makusudi, kwa kuwa ni siku ya maji mafu, bahari isipotoka sana. Wakati wa bamvua, linalokuja takriban mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hutoka sana kuanzia asubuhi, na saa chache hizo ndizo saa za mkulima wa mwani kufunga mbegu, kupalilia na kuvuna. Mtu anayemwendea na dodoso la saa nzima siku kama hiyo anamnyang'anya siku ya kazi, kisha anashangaa kwa nini majibu yake ni ya haraka haraka. Nimeona ratiba za ukusanyaji zikipangwa kwa kalenda ya ukutani bila kuangalia mwezi, na takwimu zake nilizisoma kwa mashaka.

Leo hatukusanyi takwimu; tunalijaribu dodoso. Mdadisi anauliza kama atakavyouliza siku yenyewe, nami nakaa pembeni nikiandika mahali mtu anaposita, anapocheka, anapomgeukia jirani yake kutafuta jibu. Baada ya maswali kadhaa naomba ruhusa ya kumuuliza mhojiwa ameelewa nini, kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo dodoso huonekana lilivyo.

Mama wa kwanza alikuwa ameketi kivulini akifunga vishada vya mbegu kwenye kamba, na vidole vyake havikusimama muda wote tuliozungumza. Mdadisi wetu, kijana mwenye adabu na makini, alimwamkia vizuri, akasoma maelezo ya ridhaa neno kwa neno, akafika kwenye swali la kumi na mbili, lililotoka ofisi kuu likiwa tayari limeandikwa:

"Mama, mwezi uliopita ulipata shilingi ngapi kutokana na mwani?"

"Sikupata kitu, mwanangu."

Kijana aliandika sifuri, fomu ikaikubali, akaendelea na swali la kumi na tatu. Hakukosea hata kidogo. Na mama hakudanganya. Nikaomba kuingilia kati.

"Samahani mama yangu, mara ya mwisho kuuza ilikuwa lini?"

"Niliuza mnunuzi alipokuja na gari, yapata mabamvua matatu sasa. Nilitoa magunia mawili na kiroba. Huu mwingine si upo uchanjani? Tunamngoja arudi."

Tuligeuka wote tukautazama mwani uliotandazwa juu ya chanja, ile ile iliyojengwa na mradi. Mwani hukaa baharini kwa takriban wiki sita tangu kupandwa hadi kuvunwa, kisha unakauka, kisha unamngoja mnunuzi. Kumuuliza mtu huyu kuhusu mwezi mmoja ni kama kuchungulia chumba kwa tundu la ufunguo na kutangaza kuwa hamna mtu ndani. Laiti tungekwenda hivyo kijiji baada ya kijiji, taarifa ingesema nusu ya wakulima hawana kipato, na mwakani wangehojiwa muda mfupi baada ya mnunuzi kupita, taarifa ingesema mradi umefanya makubwa. Mambo yote mawili yangekuwa si kweli, na hakuna hesabu ya kitakwimu ambayo ingeyarekebisha baadaye.

Swali lililofuata lilikuwa na shida ya aina nyingine. "Ulivuna kilo ngapi?" Mama mmoja alijibu kwa uzito wa mwani mbichi, jirani yake akajibu kwa uzito wa mkavu. Kilo moja ya mwani mkavu hutokana na kilo saba, nane au hata zaidi za mwani mbichi, kwa hiyo majibu hayo mawili yakiwekwa kwenye safu moja hayawezi kulinganishwa. Tumelibadilisha hapo hapo: tunauliza alichouza, kikiwa kikavu, kwa kipimo alichouzia, na kama alipima kwa gunia tunauliza gunia hilo lilikuwa na kilo ngapi kwenye mizani ya mnunuzi.

Kisha lile swali ninalolichukia kuliko yote: "Je, mafunzo na vifaa ulivyopewa vilikusaidia?" Kwanza lina vichwa viwili, maana mtu anaweza kuwa alinufaika na kamba na asinufaike na mafunzo, naye analazimika kutoa jibu moja. Pili, kwa watu wa pwani mgeni hajibiwi vibaya. Umempa mtu kamba, umemwendea nyumbani, umekaribishwa madafu, halafu unamuuliza kama ulimsaidia; atakujibu ndiyo, na ndiyo hiyo ni heshima yake kwako. Nimeweka badala yake ombi kwamba ataje jambo moja analolifanya tofauti tangu mafunzo. Mama watatu wamelijibu bila shida, na mmoja amesema wazi kwamba hakuna, kwa sababu yaliyofundishwa alikuwa akiyajua tangu zamani. Jibu hilo lina thamani kwa mradi kuliko ndiyo mia moja.

Ilikuwa saa sita kasoro simu ilipoanza kuita, na kuanzia hapo siku ilibadilika.

Simu ilitoka kwa ofisi inayosimamia mradi, iliyoko Dar es Salaam. Mtandao ufukweni ni wa kubahatisha, ikabidi nipande hadi barabarani, chini ya mwembe ambapo sauti inasikika, nikasimama hapo kwa muda ambao sikutegemea. Afisa aliyepiga ni mtu mstaarabu, na nasema hivyo kwa dhati, lakini alikuwa na ombi ninalolisikia karibu kila mradi.

"Dada, nimekutumia maswali machache tu ya kuongeza. Maadam tumeshafika kijijini, tusiipoteze nafasi."

Maswali machache yalikuwa 23. Dodoso lilikuwa na 38. Yalihusu vyandarua, aina ya choo, umbali wa zahanati, idadi ya kuku, umiliki wa redio, na mengine ambayo sikuona yanafungamana vipi na mwani. Nilimuuliza swali ninalowauliza wote: kila jibu litatumiwa na nani, kuamua nini, na lini? Kuhusu kuku hakuwa na jibu. Kuhusu vyandarua alisema huenda siku moja yakahitajika. Mtandao ukakatika. Akapiga tena. Nikamweleza kwamba dodoso la dakika 25 litafika kama dakika 40, na mhojiwa akichoka huanza kuchagua majibu yanayofupisha mazungumzo. Anagundua haraka kwamba akisema hana, maswali matano yanayofuata yanarukwa. Mtandao ukakatika tena. Nikamweleza pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zikusanywe kwa lengo mahususi lililo halali, na "huenda siku moja" si lengo ambalo naweza kumsomea mama wa watu kwenye ridhaa. Jua lilikuwa utosini, mwembe ule ulikuwa na kivuli chembamba, na jambo lile lile nililieleza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kwenye swali la kipato alikuwa mgumu zaidi, na hapa alikuwa na hoja ya haki. Mradi unatekelezwa pia kwenye mikoa mingine, kwenye mazao mengine, na kipimo cha pamoja ni kipato cha mwezi. Nisipompa mwezi, hawezi kulinganisha. Nilikubali kwamba tarakimu ya mwezi ni lazima ipatikane. Nilichokataa ni kumtwisha mkulima kazi ya kuitafuta kichwani. Yeye anakumbuka mauzo, mnunuzi, na bamvua. Basi tumuulize hivyo hivyo, hesabu ifanywe na fomu. Mabamvua sita ni takriban siku 89, karibu sawa kabisa na miezi mitatu. Tukiorodhesha kila mauzo ya mabamvua sita yaliyopita, kwa kilo na bei ya kilo, tukajumlisha na kugawanya kwa tatu, ofisi inapata mwezi wake na mkulima hajaulizwa jambo asilolijua. Alisema atashauriana na wenzake. Niliporudi ufukweni akina mama walikuwa wametuwekea wali, samaki wa nazi na bamia, na nilikula nikiwa sina hamu ya kuzungumza na mtu.

Alasiri imekwenda yote kwenye majaribio ya fomu mpya, na sikumbuki vizuri kipi kilitangulia kipi. Nakumbuka mzee mmoja mwenye wake wawili, nyumba mbili, vyungu viwili, ambaye angehesabiwa mara mbili kama mkuu wa kaya, hivyo tumeandika kwenye mwongozo kwamba kaya ni watu wanaopika na kula pamoja, na mume anaandikwa alikolala usiku wa kuamkia siku ya mahojiano; Sensa ya mwaka 2022 nayo ilihesabu watu kwa usiku mmoja uliotajwa, wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Nakumbuka mdadisi aliyeandika 3 kwa mtu aliyeanza kazi saa tatu asubuhi, na kishikwambi kikasoma usiku wa manane, kwa hiyo sasa saa zinachaguliwa kwenye orodha iliyoandikwa kama tunavyozisema. Nakumbuka pia mwanga wa jua ukiifuta skrini hadi kijana akawa anasoma maswali chini ya kanga ya mama mwenye nyumba.

Jioni nyumbani mgongo ulikuwa unauma, lakini fomu haiwezi kulala. Nimefungua jedwali la KoboToolbox, programu tunayotengenezea fomu za vishikwambi, na kupita mstari kwa mstari. Swali la mauzo limekuwa kundi linalojirudia kwa kadiri ya mauzo aliyotaja mtu. Bei ya kilo imewekewa mipaka, ili sifuri ya ziada isiingie kwa bahati mbaya. Asiyejua na aliyekataa kujibu wana alama zao, tofauti na sifuri, na alama hizo zimewekwa kwenye namba hasi, kwa sababu 99, ambayo wengi huitumia kama alama hiyo, inaweza kuwa umri wa bibi wa mtu. Majina yamehamishiwa kwenye orodha ya peke yake inayounganishwa na majibu kwa namba tu, na nukta ya GPS ya kila nyumba nimeiondoa, kitongoji kinatosha. Kisha nimeijaza fomu mwenyewe kama mkulima asiyeuza kitu, kama aliyeuza mara nne, kama aliyekataa kutaja bei. Mara ya kwanza imegoma kuhifadhi kwa sababu ya mabano moja yaliyosahauliwa kwenye hesabu ya wastani, na kulitafuta bano hilo kumechukua muda mrefu kuliko chakula cha usiku.

Ninajivunia kazi hii. Hakuna atakayelitaja dodoso siku ya kukabidhi taarifa, lakini mama yule wa magunia mawili na kiroba hatasomeka kama mtu asiye na kipato.

Saa tatu na nusu usiku ofisi imejibu. Swali la kipato limekubaliwa kwa utaratibu wa mabamvua sita. Kati ya maswali 23 wameyafuta 17. Sita waliyoyashikilia yana mtu anayeyahitaji na nimeyapangia nafasi mwishoni, baada ya mauzo. Nimepandisha toleo jipya na kuwaandikia wadadisi kwenye kundi letu la WhatsApp wafute la zamani kabisa, si kulificha, kwani fomu mbili zikibaki kwenye kifaa kimoja takwimu huchanganyika na kuzitenganisha ni kazi ya wiki. Watano wamethibitisha. Wawili vishikwambi vyao vimeisha chaji. Hao nitawashika mkono asubuhi, fomu ifutwe nikiona, kabla hatujapanda gari.