Kroshia na mimi: kitanzi kimoja kwa wakati

Nafuma kroshia, yaani kwa sindano moja yenye ndoano, tangu utotoni, na watu huniuliza subira naipata wapi. Subira sina. Ninachokipendea kroshia ni kwamba huachika wakati wowote. Anayefuma kwa sindano mbili ana safu nzima ya vitanzi vilivyo wazi. Kimoja kikimponyoka, mishono iliyo chini yake nayo huanza kuachia. Kwangu kilicho wazi ni kitanzi kimoja tu. Nakivuta kiwe kirefu kisije kikafumuka, naweka kazi kando, naenda kushughulika na mengine. Nikirudi navuta uzi, naendelea pale pale. Ndivyo nilivyoweza kulea watoto, kwenda kazini, na bado nikamaliza kitandiko cha kitanda kikubwa.

Kilichonifungua macho zaidi ni kusoma michoro, ambamo kila mshono una alama yake. Maelezo ya maandishi yana mtego: jina lile lile la mshono, Mwingereza ana maana yake na Mmarekani ana yake, kwa hiyo kofia ya mtoto huweza kuja kumtosha baba mtu. Mchoro haukuchanganyi. Kiduara kirefu ni mnyororo, msalaba ni mshono mfupi, T tupu ni mshono wa kati, na T yenye kistari kimoja shingoni ni mshono mrefu. Basi.

Kufuma duara lililo bapa ndiko kulikonisumbua muda mrefu. Kwa mshono mfupi naanza na mishono 6, kisha kila mzunguko naongeza mingine 6: 12, 18, 24. Kwa mshono mrefu, naanza na 12 na kuongeza 12. Ukiongeza pungufu, kitambaa kinainuka kingo kama bakuli, na hiyo ndiyo siri ya kofia. Ukizidisha, ukingo unafanya mawimbi. (Mawimbi hayo msiyadharau: mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliyafuma makusudi ili wanafunzi washike mkononi umbo la jiometria ambalo ni gumu kulionyesha kwa karatasi.) Tena nyongeza zikipandana mahali pamoja kila mzunguko, duara linageuka kuwa na pembe sita. Mimi nazihamisha, mzunguko huu hapa, unaofuata pale.

Uzi ni ghali, kwa hiyo siku hizi nafumua masweta makuukuu. Uzi unatoka umejipindapinda, haufai kufumwa hivyo. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, naufunga kwa vipande vya uzi sehemu nne usije ukavurugika, naulowesha kwenye maji ya vuguvugu, kisha nauning'iniza ukauke. Unanyooka. Sweta la sufu lililogandamana kwa kufuliwa na maji ya moto silihangaikii, maana hata ukilivuta vipi halifumuki.