Ukuta Uliobaki Umesimama

Asubuhi ile ya Oktoba 2019 tuliukuta ukuta wetu wa mawe, tulioujenga kukingama korongo ili kupunguza kasi ya maji, haujatikisika hata kidogo. Mawe yalikuwa pale pale tulipoyapanga, mpaka lile bapa la juu ambalo mmoja wetu alikuwa amelichonga tarehe kwa msumari. Maji ndiyo hayakuwa na habari nao. Yalikuwa yamekula ukingo wa kushoto, yakajifungulia njia ya mita moja na nusu kati ya mawe na ardhi, yakashuka upande wa pili na kurudi korongoni. Mikonge mitatu iliyopandwa pale ukingoni ilikuwa inaning'inia kwa mizizi. Nyuma ya ukuta, tulipotarajia kuona tope limejaa, palikuwa na dimbwi la kunawia miguu tu.

Mama mwenye boma lile alikuwa amesimama na leso yake begani. "Sasa mmeliita korongo lije kwangu," alisema, wala hakupaza sauti. Hatukuwa na jibu ila pole.

Tulikuwa vijana kumi na wawili katika kazi ya kuhifadhi ardhi huko Nyakach ya chini, Kaunti ya Kisumu, pale mwinuko wa Nyabondo unapoitazama tambarare ya Kano. Ilikuwa kazi ya ngazi ya mwisho kabisa: mkataba wa miezi sita, posho ya shilingi 450 kwa siku, chai ya saa nne na nyoyo, yaani mahindi na maharage ya kuchemsha, mchana. Hakuna aliyeulizwa cheti. Uliulizwa kama una gambuti na kama mgongo wako ni mzima.

Anayepita barabara ya Ahero kwenda Kendu Bay kupitia Katito huyaona makorongo ya huko, linalojulikana zaidi likiwa Katuk Odeyo. Udongo ndio shina la matatizo. Juu kuna tabaka jepesi la kichanga, sentimita ishirini au thelathini hivi. Chini yake kuna mfinyanzi wenye sodiamu nyingi, ambao ukikauka unarudisha sururu mikononi mwako, na ukilowa unayeyuka. Njia ya ng'ombe kwenda mtoni inatosha kuanzisha balaa. Kwato hukwangua nyasi, maji hupata mfereji, mfereji hutoboa lile tabaka la juu, na baada ya misimu michache mtoto wa shule anazunguka mbali kufika ng'ambo aliyokuwa akiirukia kwa hatua moja.

Letu lilikuwa korongo changa: upana mita 5, kina mita 1.6, na sakafu yake ilishuka mita 4 kwa kila mita 100. Korongo la namna hii hutibiwa kuanzia kichwani, pale linapomega ardhi mpya kila mvua, ndipo mtu ashuke na vizuizi vya mawe. Sisi tulianzishwa chini, karibu na barabara, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kutazama na kichwa kilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Hilo bado linaniudhi.

Nafasi kati ya kuta nayo ina kanuni yake: mguu wa ukuta wa juu uwe usawa mmoja na mlango wa ukuta wa chini yake. Mlango ni ile sehemu ya katikati inayoachwa chini ili maji yapitie hapo. Kwa mlango ulio sentimita 80 juu ya sakafu ya korongo na mteremko wa 4 kwa 100, unapata mita 20 kutoka ukuta hadi ukuta. Mawe hayakutosha, kwa hiyo tukapewa mita 35. Katika zile mita 15 za ziada hakuna kinachoyashika maji. Yanashika kasi upya na kuufikia ukuta wa chini yakiwa na hasira.

Ukuta mmoja wa kiasi hicho, pamoja na mkeka wa mawe mbele yake, ulikula kama mita za ujazo tano na nusu, yaani tani nane hivi. Lori lilimwaga mawe barabarani, sisi tukayasukuma kwa wilbaro. Wilbaro moja hubeba kilo 60 au 70 kabla gurudumu halijazama, hesabu ni safari zaidi ya mia moja. Siku ya pili kila mtu alikuwa amejua jiwe la kuchagua: lenye pembe, bapa, lisilopungua sentimita 20. Lile la mviringo la mtoni ni tamu kubeba lakini halishikani na mwenzake, maji yakilisukuma linabingirika.

Mzee aliyeitwa kuja kutazama aibu yetu alikuwa amefanya kazi ya barabara maisha yake yote kabla ya kustaafu. Tulimwita Jaduong' tu. Alishuka korongoni taratibu na fimbo yake, na badala ya kuuangalia ukuta akaangalia kingo. Alikuwa anatafuta mstari wa takataka: majani makavu, vijiti na mavi ya mbuzi vilivyonasa kwenye mizizi. Mstari huo hukuambia maji yalifika wapi hata kama wewe ulikuwa umelala. Alipoupata akauonyesha kwa fimbo. Ulikuwa juu ya mlango wetu kwa kiganja kizima.

"Nyithindo, watoto wangu, hapa mlipima kwa kitu gani?"

"Kwa kamba, Jaduong'."

"Na kamba mliipima kwa kitu gani?"

Kwa macho. Cha ajabu ni kwamba shambani, huko juu tulikokuwa tunachimba fanya juu, mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, tulikuwa na fremu yetu ya herufi A: miti miwili ya mita mbili, mti wa kukingama, na jiwe linaloning'inia kwa uzi. Tulijua hata kuirekebisha. Unaisimamisha juu ya vigingi viwili, unaweka alama uzi unapogusa mti wa kukingama, unaigeuza miguu ibadilishane vigingi, unaweka alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tuliitumia kwa kila mstari wa kontua, ule unaofuata usawa mmoja wa ardhi, lakini hakuna aliyefikiri kuiteremsha korongoni.

Jaduong' akaomba mpira mwembamba wa kuonyesha ndani, ule mafundi wa ujenzi wanaotumia kupimia msingi. Tukaujaza maji, tukatoa mapovu yote kwa kuubonyeza kidogo kidogo, kwa maana povu moja tu linadanganya kipimo. Mmoja akashika ncha kwenye bawa la kulia, yaani sehemu ya ukuta iliyo kando ya mlango na kuingia ukingoni, mwingine kushoto. Bawa la kushoto lilikuwa chini kwa sentimita 11. Mlango wetu ulikuwa umeachwa chini ya bawa la kulia kwa sentimita 12. Kwa hiyo katikati ilikuwa chini ya bawa la kushoto kwa sentimita moja tu, unene wa kidole. Maji yalipopanda yaliona milango miwili, na ule wa pili ulikuwa wa udongo mtupu.

Hilo lingetosha kutuvunja moyo, lakini Jaduong' hakuwa amemaliza. Alimega bonge la udongo mkavu kutoka chini ya ukingo, kubwa kama harage, akaitisha glasi na maji ya mvua. Maji ya kisima alikataa, kwa kuwa chumvi iliyomo huweza kuuficha ugonjwa wenyewe. Akalidondosha bonge, akasema asiguse mtu. Tukakaa tunalitazama kama watu wanaosubiri chai ichemke. Kwanza likatoa mapovu madogo. Halafu pembeni yake kukatokea ukungu mweupe, ukatambaa sakafuni mwa glasi, ukaanza kupanda. Dakika kumi hazikupita, maji yote yalikuwa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, na hakuna aliyekoroga.

Udongo wa namna hiyo hausubiri kusukumwa. Unaachana wenyewe ukiguswa na maji matulivu, na chembe zake zinapenya kwenye tundu lolote kati ya mawe. Tulikuwa tumechimba mtaro wa kuingiza bawa ukingoni, sentimita 25 tu badala ya 50, kisha tukaegemeza mawe makubwa moja kwa moja kwenye mfinyanzi. Kila nafasi kati ya jiwe na jiwe ikawa bomba. Tulipobomoa bawa la kushoto tuliliona bomba lenyewe: tundu laini, la kuingiza ngumi, limepita nyuma ya mawe mpaka upande wa pili. Ukingo uliporomoka baadaye tu, dari ya tundu iliposhindwa kujibeba.

Ndiyo maana kizuizi kibaya ni kibaya kuliko kukosa kizuizi. Bila ukuta wetu, maji yangeendelea katikati ya korongo. Tuliyainua, kisha tukayaelekeza kwa yule mama.

Kurudia kulichukua siku nne, tukikimbizana na mvua. Mvua fupi za mwaka huo zilikuwa nyingi kupita kiasi, Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko kawaida, na mchana haukuaminika. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka saa nane. Sheria ya Jaduong' ilikuwa moja: usitazame wingu lililo juu ya kichwa chako, tazama Nyabondo. Kule kukiwa kweusi, wilbaro, sururu na watu wote juu ya ukingo, hata kama hapa jua linawaka. Siku ya pili tulitoka kwa shingo upande, na muda si mrefu maji ya kahawia yakapita chini yetu, yamebeba gogo na ndala moja.

Kazi yenyewe ilianza kwa kulaza ukingo ulioporomoka, mteremko wa mita moja chini kwa mita moja pembeni, maana ukingo wima wa mfinyanzi huu hauwezi kubaki umesimama. Tukalirefusha bawa kufunga lile pengo la mita moja na nusu, kisha tukaingia ndani ya ardhi ngumu sentimita 70 nyingine. Kwenye mtaro hatukutupa mawe kwanza. Tulipaka mchanga wa korongo, unene wa sentimita 10 hivi, juu yake kokoto kiasi hicho hicho, halafu mawe madogo, ndipo makubwa. Maji yanapita katika tabaka hizo, ila chembe za udongo zinazuiwa na mchanga, mchanga unazuiwa na kokoto, kokoto nazo zinazuiwa na mawe. Udongo tuliourudisha nyuma ya bawa tulishindilia kwa kipande cha gogo, tabaka za sentimita 15, ukiwa na unyevu wa kushikana ukiufumba mkononi lakini usioacha maji kwenye kiganja. Jasi ingesaidia, kwa sababu kalisi yake huchukua nafasi ya sodiamu na kuufanya udongo ushikane. Jaduong' aliitaja mara mbili. Haikuwa kwenye bajeti.

Mlango tuliupanua kutoka mita 1.5 hadi 2.2, na mabawa yote mawili yakawa juu yake kwa sentimita 30, yamepimwa kwa mpira, siyo kwa macho. Mbele ya mlango tukaongeza mkeka wa mawe ufike sentimita 120, mara moja na nusu ya kimo cha maporomoko, mawe yakichomekwa kwa ubavu ili yasing'olewe. Ukiacha mkeka mfupi, maji yanachimba shimo mguuni mwa ukuta na ukuta unaanguka kifudifudi. Kilichobaki tukapanda nyasi za vetiva kwenye ukingo uliolazwa, shina hadi shina sentimita 15, na mikonge ya mama tukairudisha nyuma ya ukingo mpya, mita mbili kutoka ilipokuwa. Alikuja kuihesabu. Akaagiza mmoja uhamishwe, nasi tukauhamisha.

Mvua kubwa ilirudi usiku wa siku ya sita. Kulipokucha tulishuka na mti tuliokuwa tumeukata alama kila sentimita tano, tukauchomeka nyuma ya ukuta. Tope laini lilikuwa limefika alama ya nne. Kwenye mabawa hapakuwa na dalili ya maji kupita, na mstari wa takataka ulikatika sawasawa kwenye kona za mlango. Jaduong' alikagua bawa la kushoto kwa kuingiza fimbo nyuma ya mawe, mahali baada ya mahali, akitafuta pa kuzama. Haikuzama.

Kabla Desemba haijafika tope lile lilikuwa limeota nyasi mbichi, za kwanza kuonekana ndani ya korongo lile. Tulizikuta asubuhi moja zimekatwa usawa wa ardhi. Mbuzi wanne walikuwa wamesimama juu ya bawa letu, wawili wakiparura vetiva, na jiwe moja la juu lilikuwa tayari limeanguka mlangoni.

"Ua wa kuzuia mifugo mlipanga kujenga lini?" Jaduong' aliuliza.

Tukawafukuza mbuzi, tukalirudisha jiwe, kisha tukachukua panga na kwenda kukata miiba.