Siku Moja na Uvimbe Ambao Kila Mtu Huuita Busha

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Lindi. Hufungua chumba changu saa moja na nusu asubuhi, na leo hadi saa nne nilikuwa nimekwisha kuona homa, vikohozi na kidonda kimoja cha mguu.

Saa nne na robo aliingia bibi aliyembeba mjukuu wa miezi minane, na kabla sijamaliza kumwamkia alinieleza kwamba mtoto ana busha kwa sababu mkwewe alikunywa madafu mno alipokuwa mjamzito. Simlaumu, maana huku pwani matende na mabusha yamewatesa wazee wengi. Lakini minyoo inayoyasababisha, ile inayoenezwa na mbu, huchukua miaka mingi kuharibu mishipa ya limfu, ile inayoondoa majimaji mwilini, na dafu halihusiki kabisa. Niliziba dirisha kwa kanga yake, nikaweka tochi nyuma ya uvimbe, nao ukang'aa kama embe bivu. Mwanga peke yake hautoshi, kwa kuwa hata utumbo wa mtoto mchanga huweza kuupitisha, hivyo nilipapasa hadi kwenye kinena nikakuta hakuna kinachoshuka. Yalikuwa maji yaliyopitia njia itokayo tumboni hadi kwenye korodani, ambayo ilipaswa kujifunga karibu na wakati wa kuzaliwa, na watoto wengi hupona wenyewe kabla ya kutimiza miaka miwili. Bibi alitaka yatolewe kwa sindano. Mara tatu nilimweleza kwamba yatarudi, tena sindano inaweza kuingiza maambukizi, na mara tatu akanijibu, "Sawa mwanangu, lakini ndogo tu." Dakika arobaini zilikwisha hivyo, huku foleni ikinung'unika nje.

Chakula cha mchana sikukila. Alasiri, saa sikuitazama, aliletwa mtoto wa miezi mitatu aliyekuwa akilia na kutapika tangu alfajiri, kwa kuwa jirani alimhakikishia mama yake kwamba ni maji tu. Uvimbe ulianzia kwenye kinena, mgumu, ngozi ikiwa imeanza kuwa nyekundu: ngiri iliyokwama, yaani utumbo ulioshuka ukanaswa, nami sikuthubutu kuusukuma urudi ndani. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito. Tulimwekea dripu na dawa ya maumivu, tukasubiri zaidi ya saa nzima, nami nikitoka kila mara kutazama barabara.

Gari lilipofika, mama aliuliza kama angeweza kumnyonyesha njiani. Nilimwambia hapana, kwa kuwa huenda mtoto akapasuliwa mara tu afikapo na tumbo lilipaswa kuwa tupu, na hapo ndipo alipoanza kulia.