Weka "not" mahali pake: kukanusha sentensi za kutendwa kwa Kiingereza

Kiswahili hukanusha kauli ya kutendwa ndani ya neno moja. Chukua "hazikupigwa", tukizungumzia fomu na muhuri. Ha- ya mwanzo inakanusha, -zi- inataja fomu zenyewe, -ku- inaonyesha wakati uliopita, na -w- ya mwisho inatuambia kwamba fomu ndizo zilizotendwa. Kiingereza hulitawanya jambo hilo hilo katika maneno matatu, manne, wakati mwingine matano. Anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, awe karani wa Kisumu au mtahiniwa wa kidato cha nne kule Kakamega, ana kazi mbili: kuyapanga maneno hayo, kisha kuhakikisha kwamba "not" linakanusha kile alichokusudia. Kazi ya kwanza hufundishwa sana darasani. Ya pili hupitwa haraka, ilhali huko ndiko barua huanza kusema jambo lingine kabisa.

Kupanga kwenyewe kuna kanuni moja: "not" hukaa papo hapo baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza (kama "were" au "have"). "The fish were not sold." Visaidizi vikiongezeka, "not" halisogei: "The fish have not been sold", "The fish are not being sold", "The fish should not have been sold". Ukiandika "have been not sold" umelisukuma nyuma ya kisaidizi cha pili, na sentensi imeharibika. Umbo lenye "to" huweka "not" mbele ya vyote: "not to be sold". Kifungu cha 29 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja haki ya kila mtu "not to be" kisha kinaorodhesha mambo asiyopaswa kutendewa, kuteswa kukiwa mojawapo.

Kosa linalojirudia sana ni "The fish did not sold". Linatokana na kuzoea kukanusha wakati uliopita kwa "did not". Hilo ni la kauli ya kutenda: "They did not sell the fish." Kauli ya kutendwa tayari ina "was" au "were", na hivyo hujikanusha vyenyewe bila msaada wa "did". Baada yake lazima lije umbo la tatu la kitenzi, si la pili: "was not written", wala si "was not wrote", "was not taken", wala si "was not took". Vitenzi kama "sell" na "pay", ambavyo umbo la pili na la tatu hufanana, huficha udhaifu huu mpaka siku mwanafunzi anapokutana na "give". Katika mazungumzo utasikia "We didn't get paid", na ni sahihi, kwa sababu "get" ni kitenzi cha kawaida kinachohitaji "did". Kwenye barua ya ofisi andika "We were not paid".

Wakati unahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. "Barabara haijawekwa lami" ni "The road has not been tarmacked". "Barabara haikuwekwa lami" ni "The road was not tarmacked", na hapo msomaji anatarajia utaje wakati: mwaka jana, au katika mradi ule. Tofauti ya -ja- na -ku- tunayo midomoni kila siku, lakini tukifika kwenye Kiingereza wengi wetu huandika "was not" kwa zote mbili. Kibarua anayeandika "I was not paid for March" anaeleza jambo lililopita. Akiandika "I have not been paid for March" anasema deni bado lipo mpaka leo. Akitaka kukaza, aongeze "yet" mwishoni.

"Hauzwi" nayo ina sura mbili. Mchele usiouzwa dukani hapo kwa kawaida "is not sold here". Usiouzwa kwa sasa, kwa sababu mizani imeharibika, "is not being sold". Na mlango usiofunguka ni "cannot be opened", au "won't open" ukizungumza. "Is not opened" inasema tu kwamba watu hawaufungui.

Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, hutaka mtahiniwa aandike upya sentensi kwa kufuata maagizo bila kubadilisha maana, na sentensi ya "nobody" ni mtego mzuri. "Nobody has opened the gate" inageuka kuwa "The gate has not been opened by anybody", au kwa ufupi "The gate has not been opened". Usiandike "has been opened by nobody"; msomaji anaanza kuamini kwamba lango limefunguliwa, kisha anarudishwa nyuma. Vilevile, "any" na jamaa zake hawatangulii kikanushi. "Chochote hakikuibiwa" hakiwi "Anything was not stolen". Ni "Nothing was stolen".

Kuna vitenzi vinavyotudanganya kwa sababu Kiswahili chetu ni karimu. Kauli za kutendwa na kutendewa humfanya aliyeathiriwa kuwa kiima hata kama si yeye aliyechukuliwa: niliibiwa, hatukuelezwa, sikufichwa. Kiingereza hakimpi kila kitenzi ruhusa hiyo. "I was not stolen" maana yake hakuna aliyekubeba wewe. Sema "I was not robbed" au "Nothing was stolen from me". "Give", "tell", "pay", "show" na "teach" huruhusu mtu awe kiima: "We were not given receipts", "We were not told". "Explain" na "say" hazikubali, kwa hiyo "hatukuelezwa gharama" inakuwa "The charges were not explained to us". Na "happen", "arrive" na "disappear" kwa kawaida hazina kauli ya kutendwa. "The accident was not happened" huwezi kuirekebisha kwa kuhamisha "not"; anza upya: "The accident did not happen."

Sasa lile la maana, yaani kazi ya pili: "not" linakanusha nini. Tazama sentensi hii ya ofisi ya basari: "The forms were not stamped by the chief." Je, fomu hazina muhuri? Huenda zinao, ila ni wa naibu wake. "Not" imeweza kuruka kitenzi ikatua kwenye "by the chief". Ukitaka kusema hazina muhuri wowote, ondoa mtendaji: "The forms were not stamped." Ukitaka kusema muhuri uliopo si wa chifu, utaje ulipotoka: "The forms were stamped by the assistant chief, not by the chief." Sentensi ya kwanza huzua ubishi dirishani, na pande zote mbili zina haki.

Hali ni hiyo hiyo kwa "all". "All the forms were not stamped" inasomeka kwa namna mbili: hakuna hata moja iliyopigwa muhuri, au ni baadhi tu ndizo zilizokosa. Andika "None of the forms were stamped" kwa maana ya kwanza na "Not all the forms were stamped" kwa ya pili. Sentensi ya awali haina kazi yoyote ambayo hizi mbili haziifanyi vizuri zaidi.

Vielezi navyo. "The cheque was not deliberately delayed": hundi huenda ilichelewa, ila si kwa makusudi. "The cheque was deliberately not signed": haikutiwa saini, na hilo lilikusudiwa. Kielezi kikija baada ya "not" kinakanushwa. Kikitangulia, kinabaki kweli. Sababu inayokaa mwishoni ni hatari zaidi. "The match was not cancelled because of the rain" yaweza kumaanisha mechi ilichezwa, au ilifutwa kwa sababu nyingine. Kama ilichezwa licha ya mvua, andika "In spite of the rain, the match was not cancelled". Kama ilifutwa kwa jambo jingine, litaje: "The match was cancelled because the lights failed, not because of the rain."

Visaidizi vya lazima vichaguliwe kwa uzito wake. "Must not be stamped" ni zisipigwe muhuri, ni marufuku. "Need not be stamped" na "do not have to be stamped" ni si lazima zipigwe. Ukipiga hakuna kosa. Kuchanganya hizi mbili kwenye tangazo la zahanati au la stoo ya mbolea kunaweza kuumiza mtu. Nayo "shall not be" ya kisheria haitabiri yajayo. Kifungu cha 30 cha Katiba kinasema "A person shall not be held in slavery or servitude": ni katazo.

Kuhusu kumficha mtendaji, "Your application was not approved" inatosha, kwa kuwa aliyeandikiwa anahitaji jibu na uamuzi ni wa ofisi nzima. Lakini "Receipts were not kept" katika ripoti ya hesabu za chama ni kulikwepa swali. Pesa ni za wanachama, na wana haki ya kujua: "The treasurer did not keep receipts." Mtendaji akijulikana na jambo likiwa la uwajibikaji, irudishe sentensi kwenye kauli ya kutenda, hapo ndipo "did not" linapofaa.