Rejesho halisubiri giza la mwezi

Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, hupanga fedha zake kwa kufuata giza. Usiku wa giza ndipo wavuvi huingia ziwani na taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti kitu, mitumbwi hukaa ufukweni na mzunguko wa fedha hukata. Mkopeshaji hafuati hesabu hiyo. Akishaandika kwamba rejesho ni tarehe 15, mama ambaye hajapata kumdhulumu mtu hata senti tano huanza kuhesabiwa siku za kuchelewa.

Siku hizo ndizo zinazojenga au kubomoa sifa ya mkopaji. Chini ya kanuni za mwaka 2012, benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu ya Tanzania, na kampuni zenye leseni, kama vile Creditinfo, huzichakata kuwa ripoti na alama. Afisa mikopo anapofungua ripoti yako haoni ziwa wala chanja lako la kuanikia dagaa. Anaona kiasi ulichokopa, salio, na siku ulizochelewa. Deni likipita siku 90 bila kulipwa, kwa benki huo ni mkopo chechefu.

Nilipoketi na shangazi yangu, mchuuzi wa hapo Mwaloni, kusoma ripoti yake mstari kwa mstari, mkopo wa benki aliouhofia ulikuwa na siku chache tu za kuchelewa, zote za vipindi vya mbalamwezi. Kilichomharibia ni mkopo wa simu wa shilingi 12,000, uliochukuliwa kwa laini aliyokwisha kuiacha, ambao ulikuwa bado unasomeka kama deni lililo wazi. Vikoba, ambako amerejesha kwa uaminifu miaka yote, havikuonekana popote, kwa kuwa kumbukumbu zake ziko kwenye daftari la kikundi. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa la mfumo huu: wanawake wa Mwaloni wana historia ndefu ya kukopa na kulipa, ila haisomeki benki.

Wapo wanaoshauri uombe tarehe ya rejesho inayoangukia gizani. Ushauri huo haudumu, kwa sababu mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo giza husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda. Naona ni salama zaidi kulitenga rejesho dagaa wanapotoka kwa wingi, na kulilipa hata kabla ya tarehe yake.

Ripoti nayo iombwe mapema, kabla hujaingia kwenye maombi ya mkopo, maana marekebisho huchukua muda. Ukikuta kosa, mwandikie kwanza mkopeshaji aliyepeleka taarifa hiyo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, kisha uiarifu kampuni iliyotoa ripoti. Shangazi alilipa zile 12,000, akadai barua ya kumaliza deni, na ameihifadhi pamoja na kitambulisho chake cha NIDA hadi ripoti mpya itakapoonyesha kwamba mstari ule umefungwa.