Somo yangu, baada ya kazi ya kumsomea kwisha

Mtu akiniuliza nilivyofahamiana na somo yangu, humwambia ukweli: nilipangiwa. Mwaka 2011 nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, Dar es Salaam, nikajiandikisha kwenye kikundi cha wanafunzi waliojitolea kuwasomea wenzao wasioona. Nikapewa kikaratasi chenye jina, namba ya chumba na saa: Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Jina lile lilikuwa langu. Nilipobisha hodi na kujitaja, mwenyeji akacheka. "Kumbe wewe ni somo yangu! Karibu, somo." Toka siku hiyo hatujaitana vingine.

Alikuwa anasomea ualimu, Historia na Kiswahili. Vitabu vya nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, vilikuwa adimu, na hata vilivyokuwepo, kitabu kimoja cha kawaida kiligeuka majuzuu mazito ya kujaza rafu. Kwa hiyo mimi nilisoma, yeye akachapa maelezo yake kwa mashine ya Perkins: vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na kikengele kinacholia mstari ukikaribia kwisha. Mwanzoni nilikuwa nakimbia. Akinyanyua mkono wa kushoto, nilijua nirudi nyuma sentensi moja.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanyia barabarani. Tulikuwa tunavuka kwenda kula, nikamkamata kifundo cha mkono nikamvuta. Akasimama palepale ukingoni. "Somo, usinikokote. Wewe simama, nikushike mimi." Akanishika juu kidogo ya kiwiko, akakaa nusu hatua nyuma yangu. Akanieleza kuwa mkono wangu unamwambia kila kitu: nikipanda anajua, nikishuka anajua, nikisita anajua. Kazi yangu ni kusema tu "ngazi, tunapanda" au "mtaro, mrefu kidogo". Kumbe nilikuwa nimekaa naye miezi miwili na sikuwahi kumuuliza anapenda kushikwa vipi.

Mwisho wa mwaka kikundi kilifanya sherehe. Tulivaa fulana za rangi moja, tukapigwa picha na wale tuliowasomea, tukapewa vyeti. Wengi walioneshana vyeti, wakaagana, na ndiyo ikawa mwisho. Jioni ile somo aliniambia jambo bila lawama yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Tangu sekondari alishapitiwa na watu wengi wa kujitolea, wazuri wote, na karibu kila mmoja aliagana naye kwa kusema "tuko pamoja". Hakuwasikia tena. Nilitaka kuapa kwamba mimi nitakuwa tofauti, nikaona hicho ndicho walichosema wote. Nikamuuliza, ukiacha vitabu, unapenda nini?

"Bao," akasema. "Ila sijapata wa kucheza naye tangu nitoke nyumbani."

Mtaani kwetu Magomeni kuna kibaraza ambacho wazee hucheza bao kuanzia alasiri mpaka magharibi. Nikampeleka Jumamosi iliyofuata. Anayelijua bao la Kiswahili anajua kwamba si mchezo wa kubahatisha: mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi. Somo alipitisha viganja juu ya ubao mara moja, polepole, upande wake na upande wa pili. Shimo la nyumba, yaani shimo kuu la kila mchezaji, kwenye ubao ule limechongwa mraba, kwa hiyo kidole kikifika hapo kinalijua. Aliomba mawili tu: anayecheza ataje anaanzia shimo lipi na anaelekea wapi, na mtu asiguse ubao yeye akiwa anafikiri.

Mzee mmoja akaniambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mwanangu, mwachie mwachie ashinde, afurahi." Somo akautoa mkono ubaoni. "Mzee wangu, shikamoo. Nikishinda kwa kuachiwa, kesho sitarudi." Pakawa kimya. Yule mzee akavuta mkeka akakaa mwenyewe mbele yake. Akamfunga mara mbili bila huruma. Mara ya tatu somo alikuwa bado ananamua, yaani anaingiza ubaoni kete za mkononi moja moja, akamwambia, "Mzee, umebakiwa na kete nne mkononi," na zilikuwa nne kweli. Bao hilo alilishinda. Jumamosi iliyofuata wazee ndio walioniuliza, mwenzako yuko wapi?

Sasa niseme sehemu ambayo huwa ngumu kwangu. Mwaka wa tatu somo alipata kompyuta ya mtumba, akawekewa NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyoko kwenye kioo. Ni ya bure, na kilichomfurahisha kuliko bei ni kwamba ilianzishwa mwaka 2006 huko Australia na Michael Curran, akaungana naye James Teh, na wote wawili ni watu wasioona. "Wamejitengenezea wenyewe, somo!" alirudia siku nzima. Baadaye simu yake nayo ikaanza kusoma, hata meseji za M-Pesa. Zamani mimi ndiye niliyemsomea salio, na namba yake ya siri nilikuwa naijua. Siku moja akaniambia wazi, "Somo, namba ya siri nimebadilisha." Nikamjibu vizuri sana, hongera, na nilimaanisha. Lakini njiani kurudi nilihisi kama nimeachishwa kazi.

Wiki mbili sikwenda. Nilijidanganya kwamba nina mitihani. Ukweli ni kwamba sikujua niende kufanya nini kwa mtu asiyehitaji nimsomee. Siku ya kumi na tano akapiga simu. "Kwani umesafiri? Wazee wanakuuliza, na mimi nakuuliza." Hakuwa na kitabu cha kusomewa wala salio la kuangaliwa. Nilikwenda siku ileile, nikamwambia kilichonikalia moyoni, chote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Panga kete."

Mwaka 2017 baba yangu alifariki. Somo alikuwa ameshaajiriwa, anafundisha sekondari, anaishi Kimara. Nilimpigia usiku, sikumwomba aje. Asubuhi na mapema nikamwona anaingia uani peke yake na fimbo yake nyeupe. Alikuja na mwendokasi, usafiri anaoupenda kwa sababu sakafu ya kituo iko sawa na mlango wa basi na hakuna konda wa kumvuta fimbo. Alishuka Magomeni Usalama, akauliza njia. Watu wakanong'ona, "Nani kamleta?" Nikawajibu, amekuja mwenyewe. Akakaa jamvini kando yangu, akanishika juu ya kiwiko, palepale anaposhika tukitembea. Tulikaa hivyo mpaka saa ya kuzika, na tulipoinuka kwenda makaburini, nadhani mimi ndiye niliyehitaji ule mkono.

Kuanzia mwaka 2019 nilifanya kazi Mwanza miaka mitatu. Tulinunua mbao mbili, mmoja kwake mmoja kwangu, tukawa tunacheza kwa simu Ijumaa usiku, kila mtu anataja hatua yake na mwenzake anaipanga. Mkataba wangu ulipokatika nilimkopa laki mbili. Alinidai kama anavyodai mtu yeyote, nikamlipa kwa miezi minne, na kule kudaiwa kulinipa raha ambayo sikuitarajia. Tumewahi kugombana pia, mara moja vibaya, kwa sababu niliwajibia watu maswali waliyomuuliza yeye. Bado najizuia.

Jumamosi iliyopita alikuwa kwangu. Mwanangu wa miaka saba aliomba kucheza na baba mdogo wake. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yao, naangalia ubao muda wote. Katikati ya mchezo somo akapitisha kidole kwenye nyumba ya mtoto, akarudia tena, taratibu.

"Mwanangu, hapa palikuwa na tisa. Sasa naona kumi na moja."

Mtoto akanitazama mimi. Sikuwa nimeona kitu. Akafungua kiganja cha kushoto, akahesabia humo kete mbili kutoka kwenye nyumba yake, akazirudisha zilikotoka.